Sare ya Askari na Thamani ya Nguo Kuukuu



Askari anapokabidhiwa gwanda jipya huambiwa kwamba amekabidhiwa heshima ya taifa. Ni mara chache kuulizwa gwanda hilo limetoka shamba gani, na ni mara chache zaidi kuulizwa litakwenda wapi siku litakapochakaa. Maswali hayo mawili yaonekana madogo, lakini ndani yake mna fedha za kigeni, kazi za vijana, usalama wa raia na usafi wa Ziwa Tanganyika.

Wazee wa Burundi walilijua jibu lake kabla ya kuja kwa meli za wageni. Walivaa nguo iliyotokana na gome la mti wa jamii ya mkuyu. Gome lilibanduliwa, likapondwa kwa nyundo ya mti hata likalainika. Nao mti haukukatwa, bali ulifunikwa mahali palipobanduliwa hadi ukaota gome jipya. Nguo hiyo ilipochakaa ilirudi udongoni ikawa mbolea. Nguo hiyo iliitwa impuzu, na hata leo Mrundi akitaja vazi lolote kwa Kirundi hutumia neno hilo hilo. Kwa hiyo wazo la nguo isiyoacha taka halikuletwa na wataalamu wa ng'ambo. Ni mali ya nyumbani iliyosahauliwa.

Pamba nayo ilikuwa na mzunguko wake. Katika bonde la Imbo, kando ya mto Rusizi, mkulima alivuna pamba na kuiuza kwa shirika la COGERCO. Nyuzi zilitenganishwa na mbegu. Mbegu zikakamuliwa mafuta, na mashudu yakalishwa ng'ombe. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China, kilijengwa Bujumbura kiwanda cha COTEBU ili pamba hiyo isokotwe, ifumwe na kutiwa rangi papo hapo. Kitenge cha COTEBU kilivaliwa mjini na vijijini. Kisha vikaja vita vilivyoanza mwaka 1993. Wakulima wakakimbia mashamba, mitambo ikazeeka, madeni yakalundikana, na katika miaka ya 2000 kiwanda kikasimama. Baadaye mahali pake palipokewa na kampuni ya Afritextile. Hata hivyo jina la zamani halikufa: soko la Ngagara watu wengi bado huliita Cotebu.

Pengo lililoachwa na viwanda vya namna hiyo, katika Afrika ya Mashariki yote, lilizibwa na marobota ya mitumba. Haki yataka isemwe wazi kwamba mitumba si adui. Imewavika maskini kwa bei wanayoimudu, na imewapa riziki wachuuzi na mafundi cherehani wa Buyenzi na Bwiza, ambao hupunguza, hugeuza na kushona upya. Kuvaa tena nguo iliyokwisha kuvaliwa ni kuepusha ubadhirifu. Ila ndani ya robota hukutwa pia nguo zilizopasuka na zisizouzika, na nyingi siku hizi zimefumwa kwa poliesta, yaani nyuzi zitokanazo na mafuta ya petroli. Hizo haziozi kama pamba. Nchi tajiri humaliza kuzitumia, kisha nchi maskini hubaki na kazi ya kuzizika.

Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba hatua kwa hatua katika muda wa miaka 3. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2 na nusu kwa kilo. Marekani, ambayo wafanyabiashara wake wa nguo kuukuu walilalamika, ilitishia kuwanyima wenzi hao nafuu ya kuuza bidhaa zao huko bila ushuru. Nchi nyingine zikarudi nyuma. Rwanda haikurudi nyuma, na mwaka 2018 nguo zake ziliondolewa katika nafuu hiyo. Funzo lake ni kwamba amri peke yake haimvishi mtu. Anayefunga mlango wa nguo za nje hana budi kwanza kuwa na nguo ndani ya nyumba, na kujua atafanya nini na zile zilizochakaa.

Wakati huo huo ziwa halingoji. Maji ya Tanganyika yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo. Kwa hiyo rangi na sumu ziingiazo humo hukaa miaka mingi sana. Mwaka 2003 Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulihifadhi. Lakini mkataba hautekelezwi na karatasi. Hutekelezwa na yule anayekataa kutupa fulana iliyochanika katika mto Ntahangwa, kwa sababu mto huo hushuka moja kwa moja ziwani.

Basi kazi ianzie wapi? Yafaa ianzie kwenye sare. Katika nguo zote zivaliwazo nchini, sare ndiyo ambayo serikali huinunua yenyewe, huihesabu yenyewe, na yaweza kuidai irudi. Raia hawezi kuamriwa arudishe shati lake, askari aweza.

Jambo la kwanza ni ununuzi. Zabuni isiyotazama ila bei ya chini huleta gwanda linalofumuka kabla ya mwaka kwisha, na rahisi hiyo hugeuka ghali. Zabuni na idai mishono miwili, magoti na viwiko vilivyotiwa kitambaa cha ziada, vifungo vya akiba, na rangi isiyochuja. Inapowezekana, kitambaa kitoke katika viwanda vya nchini, maana faranga inayolipwa Bujumbura hurudi hadi kwa mkulima wa Imbo.

Jambo la pili ni matengenezo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kambi yenye cherehani moja na askari mmoja aliyefunzwa ushonaji yaweza kuokoa suruali nyingi ambazo zingetupwa kwa sababu ya zipu. Kiraka kilichoshonwa kwa unadhifu si aibu. Aibu ni askari mchafu mwenye gwanda jipya.

Jambo la tatu, na zito kuliko yote, ni urejeshaji. Asipewe mtu gwanda jipya kabla ya kurudisha la zamani bohari. Hapa uchumi na usalama vyakutana. Gwanda linalotupwa au kuuzwa sokoni laweza kuangukia mikononi mwa jambazi, naye akasimamisha gari usiku barabarani, na raia akatii kwa kuwa ameona sare. Damu ikimwagika, lawama humfuata askari mwaminifu aliyelala kambini. Kwa hiyo sare iliyorudishwa ivuliwe alama na vifungo, ikatwe vipande, na kila kipande kiandikwe katika daftari. Pamba hufyonza mafuta vizuri, basi iwe matambara ya kusafishia bunduki na magari. Kitambaa kigumu kiwe mikoba na viraka. Kuchoma moto kuachwe, maana moshi wa poliesta hudhuru mapafu, na majivu hayana faida kwa mtu.

Askari hufundishwa kuhesabu kila risasi aliyopewa. Nguo iliyo mwilini mwake nayo imenunuliwa kwa jasho la wananchi wale wale. Siku kila kambi itakapojua gwanda lake limeingia lini, limeshonwa mara ngapi na limeishia wapi, raia naye atakuwa na mfano wa kuufuata, na askari atakayesimama barabarani usiku ataaminiwa kwa sare yake.