Kiziwi Ameajiriwa, Kikao Kimebaki Vilevile

Jumatatu asubuhi, kikao cha wiki katika ofisi moja kati ya nyingi za Dar es Salaam. Meneja anaeleza mauzo huku kawapa watu mgongo, macho yake ubaoni. Wawili wanadakizana, wa tatu anachomekea neno, chumba kizima kinaangua kicheko. Kwenye kona ameketi mhasibu kiziwi. Anamgusa jirani yake bega na kumuuliza kwa ishara: wanasema nini? Jirani anainua kiganja, subiri kwanza. Kikao kinapovunjika, saa nzima ya mazungumzo inamfikia kwenye kipande cha karatasi: "Mauzo yameshuka, tujitahidi."

Ana mkataba, ana mshahara, na hakuna anayemchukia. Lakini mambo ya ofisi yanaamuliwa mbele yake bila yeye kuwamo.

Kwa upande wa sheria, Tanzania haina cha kuonea aibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu na mengineyo, tena inamtaka mwajiri aandae mpango wa kukuza usawa na kuusajili kwa Kamishna wa Kazi. Ikafuata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010: mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea ahakikishe kuwa wasiopungua asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Kiwango hicho si kikubwa hata kidogo, kwa nchi ambayo sensa ya mwaka 2022 ilikuta ulemavu kwa takriban asilimia 11 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi. Hata hivyo asilimia 3 ni hesabu ya vichwa tu. Kampuni ya watu 100 inaweza kuajiri watatu, ikatimiza sheria, na watatu hao wakakaa miaka mitano bila kuchangia hoja hata moja kikaoni.

Iringa mjini kuna mahali palipoanza na swali jingine. Karakana ya Neema Crafts, chini ya Kanisa Anglikana Dayosisi ya Ruaha, ilianza mwaka 2003 ikiwa na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Leo kuna ufumaji, ushonaji, shanga, na mgahawa unaohudumiwa na viziwi. Mteja akiingia anaandika anachotaka kwenye karatasi, mhudumu anasoma, chakula kinakuja. Hapo anayelazimika kujifunza kidogo ni mteja anayesikia, na wala hadhuriki: anakula, analipa, anaondoka na ishara ya "asante" mkononi. Kazi ilipangwa kumfuata mfanyakazi tangu siku ya kwanza, ndiyo maana inakwenda.

Ofisi ya kawaida haihitaji kugeuka mgahawa wa Iringa. Inahitaji kuyatazama upya mambo ambayo wanaosikia hawayaoni. Viti vikipangwa nusu duara, kila mkono unaonekana. Msemaji akisimama mbele ya dirisha lenye jua, uso wake unakuwa kivuli, na hata kiziwi anayejua kusoma midomo, kazi ambayo nusu yake ni kubahatisha, anapoteza kila kitu. Watu wakizungumza kwa zamu, mkalimani anawahi. Mkalimani naye huchoka: baada ya dakika 20 au 30 umakini hushuka, ndiyo maana kikao kirefu huwa na wawili wanaopokezana. Kengele ya moto isiyo na taa inayowaka na kuzima ni hatari ya kifo kwa mtu mmoja kati ya wote waliomo jengoni.

Kuna dhana inayohitaji kuondolewa kabisa: kwamba ukimwandikia kiziwi umemaliza. Kwa wengi wao Lugha ya Alama ya Tanzania ndiyo lugha ya kwanza, ina sarufi yake, na Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili waliyojifunza shuleni, wengine kwa shida, maana shule zinazowafaa ni chache tangu ile ya Tabora ilipofunguliwa mwaka 1963. Waraka wa kurasa sita za Kiswahili cha kisheria haumsaidii. Aya fupi zilizonyooka, na mkalimani wa kumuuliza maswali, humsaidia.

Mlango wenyewe wa kuingilia umefungwa mapema zaidi ya hapo. Tangazo la kazi linalosema "piga simu namba hii" limeshamkataa kiziwi kabla hajaandika barua. Namba ya ujumbe mfupi ingetosha.

Halafu kuna kupandishwa cheo, na hapa ndipo dhuluma inapojificha. Kozi ya wiki moja inatangazwa, idara inaulizwa nani atalipa mkalimani, idara inasema bajeti yake haitoshi, anapelekwa mwingine. Mwaka unaofuata cheo kinakwenda kwa aliyesoma kozi. Dawa yake ni ya kihasibu: gharama ya ukalimani iwe kwenye bajeti ya kampuni nzima, kama umeme na maji, ili mkuu wa idara asijikute anapima kati ya mfanyakazi wake na fedha zake. Na mkalimani atafutwe mapema, kupitia Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, siku ratiba ya kozi inapopangwa, wala si asubuhi ya kozi yenyewe.