Jumamosi Isiyo na Hodi

Masomo: Matendo ya Mitume 17:13-34, 1 Wathesalonike 3:1-8

 

Leo nataka tuwafikirie vijana wetu walio ng'ambo kwa masomo. Siwafikirii katika siku za darasa, maana siku hizo zina shughuli zake, na mtu mwenye shughuli hujisahau. Nawafikiria Jumamosi alasiri, darasa limefungwa, na Jumatatu ingali mbali.

Nitasema juu ya mji niujuao, kwa kuwa niliishi humo miaka miwili nikiwa mwanafunzi. Mji huo ni Marburg, katika Ujerumani. Ni mji mdogo uliojengwa ubavuni mwa mlima, mto Lahn ukipita chini yake na ngome ya kale ikiwa juu. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1527 na mtawala Philipp wa Hesse, nacho ndicho cha kale kuliko vyuo vikuu vyote vilivyoanzishwa na Waprotestanti ambavyo vingali vikifundisha hata leo. Katika ngome ile, mwaka 1529, Luther na Zwingli walikutana wakajadiliana juu ya Meza ya Bwana, wakaachana bila kupatana. Mkristo wa kwetu akifika pale hujiona kana kwamba amefika kwa babu yake. Lakini mwisho wa juma babu huyo hunyamaza kabisa.

Ijumaa mchana wanafunzi wenyeji wengi hutia nguo zao chafu katika mifuko na kupanda gari la moshi kwenda kwa wazazi. Bweni lililojaa vishindo juma zima hubaki na watu wanne au watano, kila mmoja nyuma ya mlango wake. Jumamosi jioni maduka hufungwa, na Jumapili karibu yote hayafunguliwi. Wala hiyo si desturi tu, bali imo katika sheria kuu ya nchi. Katiba yao ya mwaka 1919 iliagiza Jumapili ilindwe iwe siku ya kupumzika kazi na ya kuinua roho, na katiba ya mwaka 1949 ikakipokea kifungu hicho. Siku hiyo huwezi kukata nyasi kwa mashine wala kutoboa ukuta. Hata pipa la kutupia chupa tupu lina tangazo la kukukataza kuzitupa humo Jumapili, zisije zikapiga kelele. Nilipolisoma tangazo lile mara ya kwanza nilicheka. Baadaye niliiheshimu nchi inayojali utulivu kiasi hicho.

Tena kuna giza. Mwezi wa Desemba jua la Marburg huzama kabla ya saa kumi na nusu jioni. Mtu aliyezaliwa karibu na Ikweta, ambako jua hutua saa kumi na mbili Januari mpaka Desemba, hana mazoea ya usiku unaoanza wakati wa chai.

Lakini kuna jambo ambalo, kwa maoni yangu, huwaumiza vijana wetu kuliko giza na baridi. Ni kukosa hodi. Kwetu mlango uliofungwa mchana kutwa ni habari ya ugonjwa au msiba, na jirani asiyekuja kuuliza huhesabiwa kuwa mtu mbaya. Kule jirani haji mpaka mmeagana siku na saa. Yeye huona kwamba akikubishia mlango bila taarifa amekuingilia, amekuharibia mapumziko yako. Hivyo anakaa kwake akikuheshimu, nawe unakaa kwako ukidhani anakuchukia. Nimewaona watu wawili wa namna hiyo wakitenganishwa na ukuta mmoja majira yote ya baridi, kila mmoja akingoja mwenzake aanze, na mwezi wa Mei walipokutana penye mashine ya kufulia nguo wakagundua kwamba wote wawili hupenda kucheza karata.

Bwana Yesu alipenda kwenda mahali pasipo watu, akaomba huko. Luka anatuambia hivyo katika sura ya 5. Lakini kimya kile alikichagua mwenyewe, na asubuhi wanafunzi walimtafuta wakampata. Kimya cha mwanafunzi ng'ambo mara nyingi hakuchaguliwa, na hakuna amtafutaye. Kwa hiyo sitamwambia kijana kwa wepesi kwamba achukue Biblia yake na kufurahia upweke. Nitampeleka kwa mtu aliyeachwa peke yake bila kupenda, katika mji wa wasomi, yaani Paulo alipokuwa Athene.

Mnaikumbuka habari yenyewe. Paulo alifukuzwa Thesalonike, akaja Beroya, na huko nako watu wakachochewa juu yake. Ndugu wakamtoa haraka wakamfikisha Athene, kisha wakarudi. Sila na Timotheo walikuwa wamebaki Beroya. Basi tazama, mtume mkubwa amesimama katika mji asioujua, umejaa sanamu na watu wa elimu, wala hana hata rafiki mmoja wa kumwambia, "Leo nimechoka."

Alifanya nini? Alitembea. Luka anasema alikuwa katika sinagogi pamoja na Wayahudi, na sokoni kila siku pamoja na wale aliokutana nao. Aliyatazama mambo ya ibada ya mji ule kwa makini hata akaiona madhabahu moja iliyoandikwa kwa ajili ya Mungu asiyejulikana, nayo madhabahu hiyo ndiyo aliyoanzia hotuba yake katika Areopago. Mimi naona kwamba hotuba ile ilitungwa miguuni kabla haijatamkwa kinywani. Kama angalijifungia chumbani akingoja rafiki zake, asingaliiona madhabahu ile.

Lakini sikilizeni na jambo la pili, ambalo wahubiri hulipita upesi. Wale ndugu waliomsindikiza walipokuwa wakirudi, Paulo aliwapa agizo kwa Sila na Timotheo kwamba wamfuate upesi iwezekanavyo. Hakujifanya jiwe. Tena baadaye alipowaandikia Wathesalonike, watu waliomtazama kama baba, aliwaambia waziwazi kwamba aliona vema kuachwa Athene peke yake ili Timotheo aende kuwatia nguvu, na kwamba hakuweza kuvumilia zaidi bila kupata habari zao. Aliandika hivyo katika barua ya kusomwa mbele ya kanisa zima. Mtume aliona si aibu watu wake wajue kwamba alikuwa peke yake.

Hapo ndipo vijana wetu wanapopata taabu, na sisi tuliobaki nyumbani tumechangia taabu hiyo. Nilipokuwa Marburg palikuwa na kijana mmoja wa Kenya, simtaji jina, aliyetoka katika nyumba ya kawaida. Nauli yake ilichangwa kwa harambee. Mzee mmoja aliuza mbuzi, akina mama wa kanisa walileta walichonacho, na mchungaji akamwekea mikono mbele ya watu wote. Kijana akaondoka amebeba kijiji kizima mabegani. Kila Jumamosi usiku alipiga simu nyumbani. Kenya iko mbele kwa saa mbili majira yale, kwa hiyo ilikuwa saa moja jioni kwake na saa tatu usiku kwa mama yake. Mama aliuliza, "Hujambo, mwanangu? Masomo yaendaje?" Naye alijibu, "Sijambo, mama. Yote ni mema." Kisha alizima simu na kuketi gizani, maana siku ile tangu asubuhi hakuwa amesema neno na mtu ye yote ila yule wa dukani aliyempa chenji.

Angesema nini? Mtu aliyeuziwa mbuzi atasemaje kwamba ana huzuni?

Zamani ilikuwa kazi ya barua. Wale wanafunzi 81 waliosafirishwa kwa ndege kutoka Nairobi kwenda Marekani mwezi wa Septemba 1959, kwa jitihada za Tom Mboya, walikaa siku nyingi wakingoja jibu la kila barua waliyoandika. Siku hizi kijana huona uso wa mama yake katika simu ya mkononi wakati uo huo. Lakini uso nao hujua kutabasamu mbele ya simu, na barua labda ilikuwa na nafasi zaidi ya kusema kweli, kwa kuwa mwandishi hakuona macho ya msomaji.

Ewe kijana uliye huko, kama mazungumzo haya yanakufikia, nina maneno machache kwako. Jumamosi asubuhi kabla maduka hayajafungwa, toka ununue chakula cha siku mbili, upike kitu kinachohitaji muda. Unga wao wa mahindi ni wa manjano, tena ni wa punje punje, wala haushikani kama wetu. Lakini katika miezi ya baridi utapata madukani mboga ya jamii ya sukuma wiki, nayo ukiikaanga kwa kitunguu itakunukia nyumbani. Funika sufuria, uende ukabishe mlango wa jirani. Ndiyo, wewe! Usingoje yeye. Mwambie umepika chakula kingi. Wachache sana watakataa.

Na Jumapili nenda kanisani, hata kama lugha ni nzito. Utashangaa kuona kwamba wao huketi wanapoimba na kusimama wanapoomba, na kwamba wengi waliopo ni wazee. Nambari za nyimbo zimebandikwa kwenye ubao ukutani, na mara nyingine kinanda kitaanza sauti uliyoimba tangu utotoni. Usitoke mbio baada ya baraka. Bibi mmoja mwenye mvi ataweza kukuuliza watoka wapi, naye ana Jumapili ndefu kuliko yako. Hapo Marburg kuna pia jumuiya ya wanafunzi wa Kiprotestanti yenye mchungaji wake, na miji mingine mingi ya vyuo vikuu ina jumuiya kama hiyo. Paulo alipotoka Athene alifika Korintho, akawapata Akila na Prisila, akakaa kwao na kushona hema pamoja nao. Lakini yeye ndiye aliyekwenda kwao, ndivyo Luka asemavyo.

Tena, ikiwa huzuni imekaa majuma mengi, hulali, huli, wala huoni sababu ya kuamka, mwone daktari au mshauri wa chuo. Kufanya hivyo si kukosa imani, kama vile kwenda hospitali kwa malaria si kukosa imani.

Nanyi wazazi, na ninyi wazee wa kanisa mliochanga, niruhusuni niseme. Tunapowapigia vijana hawa simu, tunauliza masomo, tunauliza watarudi lini, na wengine wetu, Bwana atusaidie, tunauliza fedha. Nani huuliza, "Leo umeongea na nani?" Kijana akisema yuko peke yake, je, tunamsikiliza, au tunamkumbusha upesi yule mbuzi?

Kijana niliyemtaja aliendelea hivyo mpaka mwezi wa Februari. Jumamosi moja mama yake aliuliza kama kawaida, naye, sijui ni kwa sababu alikuwa na mafua au kwa sababu alichoka, akasema, "Mama, leo hakuna mtu aliyeniita jina langu." Alinieleza mwenyewe kwamba mama alinyamaza hata akadhani simu imekatika. Kisha mama akamwita jina lake, jina la nyumbani, lile la babu yake. Akamwita mara tatu. Halafu akauliza, "Na hapo ulipo, una unga?"

Akamwambia unga upo, lakini ni wa manjano. Wakazungumza juu ya unga ule karibu nusu saa, jinsi ya kuusaga uwe laini na maji yachemke kiasi gani, na mama akamwita na dada yake aje atoe shauri.

Basi, wasikilizaji, jioni ya leo kuna mtu wa nyumba yako au wa kanisa lako aliye mbali. Ukihesabu saa utajua kwake ni saa ngapi. Bwana awe nanyi, na awe naye huko aliko. Kwaherini.