Kunyamaza Si Kukubali



Leo tuongee kuhusu katuni za Kijapani za watu wazima. Baadhi yake zinaonyesha msichana akisema "hapana", analazimishwa, halafu mwishoni anatabasamu kana kwamba alitaka tangu mwanzo. Jamani, huo ni uongo! Tabasamu lile ni la mchoraji. Mtu halisi huumia mwili na moyo.

Msiseme, "Ndivyo walivyo Wajapani." Japani yenyewe ilibadili sheria mwaka 2023: kumwingilia mtu bila ridhaa yake ni kosa, hata kama alishikwa na hofu akashindwa kukataa. Umri wa kuridhia nao ukapandishwa kutoka miaka 13 hadi 16.

Kwa hiyo usijidanganye kwamba aliyenyamaza amekubali. Akisema hapana, acha. Akisitasita, acha pia.

Na wewe uliyelazimishwa, msichana au mvulana, kosa si lako. Mwambie mtu mzima unayemwamini, uwahi hospitali. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa kabla ya saa 72 kupita, na mapema ndiyo bora zaidi.

Maswali?