Masikio ya Mpwa Wangu

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, wenzangu tuliosoma hapa zamani, na ninyi wanafunzi mnaokalia madawati yetu:

Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu ya utabibu hapa Karatu. Nitasema juu ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Ngorongoro.

Mwaka 2006 alikuwa na miaka minne, hajatamka neno. Akiitwa hageuki. Babu yake alimwita mkaidi. Mimi, mwenye koti jeupe, nikasema akili imechelewa, tumngoje. Tukangoja miaka miwili, na kurunzi ilikuwa mfukoni mwangu siku zote.

Nilipommulika hatimaye, tundu la sikio la kulia lilikuwa jembamba mno. La kushoto halikuwapo kabisa. Tukampeleka KCMC, Moshi. Baadaye damu yake ilipimwa nje ya nchi, ikaonekana kipande cha kromosomu ya 18 kimekosekana.

Kwa kawaida chembe ya mwili ina kromosomu 46, na humo mna maagizo ya kuujenga mwili. Kipande cha mkono mrefu wa ile ya 18 kikipotea, mara nyingi matundu ya masikio huwa membamba au huziba. Kikipotea katika ya 22, jambo linalompata mtoto mmoja hivi kati ya 4,000, mara nyingi kaakaa huwa na kasoro, na majimaji hukaa nyuma ya kiwambo cha sikio. Wako ambao sikio la ndani nalo limeharibika, lakini wengi ni lile la nje au la kati tu. Nyumba ni nzima, mlango umefungwa.

Mtaalamu aligonga chuma chenye meno mawili mfano wa uma, akakiegemeza kwenye mfupa nyuma ya sikio. Mtoto akashtuka, akacheka, akakishika asikiachie. Dada yangu alitoka nje kulia.

Alipata mkanda wa kichwani wenye mashine ya kutetemesha mfupa. (Betri tulizifuata Arusha, na nauli mnaijua.) Kromosomu haikurudi, wala masomo hayakuwa mepesi, nisiwadanganye. Alianza kusema na miaka saba: Kimasai, Kiswahili kidogo, na ishara za mikono kuliko vyote.

Ile miaka miwili niliipoteza mimi.

Kurunzi ninayo hapa. Baada ya chakula nitakaa pale chini ya mti. Mwanafunzi mwenye mdogo wake asiyegeuka akiitwa, aje tupange siku ya kumwona.