Atakula Nini Huyu Fundi wa Kompyuta?

(Mazungumzo na vijana waliomaliza Form Four pamoja na wazazi wao)

Mzee mmoja aliniuliza, "Huyu kijana wangu anakesha akiandika programu na kuzigawa bure. Atakula nini?" Swali hilo si la mchezo. Karo ya huyo kijana imelipwa kwa jasho.

Kwanza tuelewane. Ukifungua simu unaona picha na maandishi. Huo ni uso wa duka tu. Kule nyuma kuna watu ambao kazi yao ni kuhakikisha habari inatoka kompyuta moja na kufika nyingine ikiwa kamili, bila kuibwa njiani. Ni kama fundi wa mifereji: maji yakitoka hakuna anayemkumbuka, yakikatika kila mtu anamtafuta.

Mmoja wao ni Daniel Stenberg wa Uswidi. Mwaka 1996 alitaka kuchukua bei za kubadilisha fedha kutoka kwenye intaneti, awape watu aliokuwa akizungumza nao kwa kompyuta. Akapata kijiprogramu cha Mbrazili mmoja, Rafael Sagula, akakirekebisha. Mwaka 1998 kikaitwa curl. Kazi yake ni kupeleka data na kuileta, basi. Leo imo ndani ya mabilioni ya vifaa: simu, televisheni, magari. Hata katika kazi ya kurusha helikopta Ingenuity kwenye sayari ya Mars mwaka 2021 ilitumika.

Curl ni programu huria, yaani maandishi yake yako wazi, mtu yeyote anaweza kuyasoma, kuyatumia na kuyarekebisha bila kulipa. Wengi wameisaidia bila hata kuonana. Ni harambee. Lakini tusidanganyane, katika harambee hii wako wanaochanga na wako wanaokula tu, na walaji wengine ni kampuni kubwa sana. Mwaka 2014 programu ya OpenSSL, inayolinda siri za watu kwenye intaneti, ilipatikana na tundu lililoitwa Heartbleed. Dunia nzima ilitetemeka. Na michango waliyokuwa wakipata wenye kuitunza? Kama dola 2,000 kwa mwaka!

Sasa Stenberg alikula nini? Kwa miaka zaidi ya 20 alikuwa ameajiriwa kwingine, na curl aliifanya sana sana jioni. Mwaka 2017 alipewa medali ya dhahabu ya tuzo ya Polhem kutoka mikononi mwa mfalme wa Uswidi. Medali, ndugu zangu, hailipi kodi ya nyumba. Ni mwaka 2019 ndipo kampuni ya wolfSSL ilimwajiri afanye curl kutwa.

Januari 2022 kampuni moja kubwa ilimwandikia ikitaka ajibu maswali ya usalama kwa muda wa saa 24. Haikuwa imemlipa hata senti. Alijibu kwa upole kwamba atafurahi kujibu yote, mara tu watakapotia sahihi mkataba wa kulipia huduma. Jibu hilo nimelipenda sana.

Kwa hivyo, mzee wangu, kijana asiache kibarua kinachompa ugali. Lakini usimzimie taa pia, kwa sababu kazi iliyo wazi namna hiyo mwajiri anaweza kuisoma mwenyewe kabla ya kuuliza cheti. Keti naye akuonyeshe alichoandika, na ni nani wanaokitumia. Ukisikia kuna kampuni kati yao, muulize kama ameshawaandikia habari ya mkataba.