HOTUBA YA MWENYEKITI: SANDUKU LETU LA UMEME



Gesi iligunduliwa hapa Msimbati mwaka 1982, lakini hisa zetu tumezihesabu kwa koroboi. Tuliposikia akina mama wa Lindi na Mtwara walikwenda Tilonia, India, mwaka 2011, wakajifunza umeme wa jua miezi sita, tukasema na sisi tujaribu.

Fundi redio alituelekeza. Betri hutoa volti 12. Transista huugeuza umeme huo kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na transfoma huupandisha hadi volti 230. Taa za wati 100 hunywa zaidi ya ampea 8 za betri, kwa hiyo nyaya ziwe nene na fyuzi isikosekane.

Sanduku la kwanza liliungua. Tuligeuza nyaya za betri, na fyuzi hatukuweka. Zilikuwa fedha zenu, na sisi wa kamati tuliwaficha wiki mbili. Kuficha ndiko kulikotaka kuvunja kikundi, siyo moshi. Tuliomba radhi, tukalipa kidogo kidogo.

La pili ndilo linaloangaza meza hii. Ila watoto wasiliguse, volti 230 huua hata zikitoka kwenye betri.