Usukani Umepinda: Tupime Kwanza Kabla ya Kulaumu

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia vya Thika na Ruiru)

  Leo hatukuja kuzungumza juu ya kuku wala mikopo. Tumekuja kuwaeleza habari ya gari letu, maana tunajua vikundi vingi vina gari moja kuukuu la pamoja, na vingine vinafikiria kununua.

Sisi tunatoka upande wa Gatuanyaga. Mnaujua udongo wa huko, ule mweusi unaonata. Mvua ikinyesha siku mbili, nyanya zinaozea shambani na soko la Madaraka liko pale pale Thika. Kwa hivyo tulichanga pole pole, tukanunua Land Rover ya zamani, ile yenye springi za kuzunguka kama koili. Hatukuichagua ovyo. Kiwanda cha Leyland Kenya, ambacho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers, kiliunganisha Land Rover hapa hapa Thika, na mafundi wengi wa hapa wanalifahamu gari hilo.

Lakini hata hiyo ilikuwa ikikwama, tumbo likigusa matope. Tukapiga kura iinuliwe. Fundi akaweka vipande vya chuma kwenye springi, gari likapanda inchi 2, yaani kama sentimita 5. Kweli, matope tukayashinda. Ila wiki ile ile usukani ukaanza kukaa upande. Gari linakwenda moja kwa moja, lakini usukani umeinama kulia.

Hapo ndipo tulipokosea. Tulisema dereva amegonga shimo akanyamaza. Kijana akakana, sisi hatukumsikiliza. Tukamkata mshahara wa wiki mbili kulipia alainimenti. Ikafanywa, usukani ukabaki vile vile. Tukalipa mara ya pili, bado. Mwishowe fundi mmoja akafungua nati ya usukani, akauchomoa, akaurudisha ukiwa umenyooka. Tukafurahi, ati kazi imekwisha!

Dereva akatuambia: "Hii gari haiko sawa. Usukani unacheza nikienda moja kwa moja, na nikikata kona haurudi wenyewe." Tukamwambia ajitahidi. Jioni moja ya mvua, gari likaingia mtaroni likiwa na kreti za nyanya na akina mama wawili. Tunashukuru Mungu hakuna aliyeumia. Siku ile ndiyo tuliacha kubishana, tukalipeleka kwa mzee mmoja wa jua kali kule Ruiru.

Mzee hakushika spana. Aliuliza tu, "Gari hili liliinuliwa lini?" Kisha akachukua ngazi akaiegemeza ukutani. "Tazameni mguu wa ngazi," akasema. Akaisimamisha zaidi, na mguu ukasogea karibu na ukuta. Ngazi haikufupika, ni mlalo wake tu uliobadilika.

Chini ya gari letu kuna fimbo mbili zinazolala kama ngazi hiyo. Ya kwanza ni fimbo ya Panhard. Inashika chasisi upande mmoja na ekseli upande wa pili, ili ekseli isiende huku na huku. Ya pili ni fimbo ya usukani, inayotoka kwenye boksi la usukani na kuvuka hadi gurudumu la upande wa pili. Ukiinua gari, fimbo zote mbili zinasimama zaidi. Ya Panhard inaivuta ekseli kando kidogo, na ya usukani inavuta gurudumu. Kwa kuwa hazilingani kabisa kwa urefu na mlalo, usukani unapinda. Na boksi la usukani hukuza kosa: milimita 5 tu kwenye fimbo zinatosha kuupindisha usukani hata mwenye macho mabovu aone.

Je, kwa nini ni vibaya kuuchomoa usukani na kuunyoosha? Kwa sababu boksi lina katikati yake. Hapo katikati meno hushikana kwa kukaza, na hapo ndipo linapotakiwa kuwa gari likienda moja kwa moja. Ukinyoosha usukani peke yake, boksi linabaki limepinda. Mchezo unaongezeka, na gari linaweza kukata zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Ni kama kupaka rangi ukuta wenye ufa.

Basi, haya ndiyo tuliyojifunza. Yafuateni kwa mpango.

1. Ulizeni kwanza shida ni gani. Usukani uliopinda huku gari likienda sawa ni jambo moja. Gari linalovuta upande ni jambo lingine: pimeni upepo wa tairi, badilishaneni tairi za mbele kushoto na kulia, na mguse magurudumu baada ya safari kuona kama breki moja inashika na kuchoma. Fanyeni jaribio mahali tambarare pasipo na watu, si kwenye barabara kuu ya Thika. Barabara nyingi zimeinamia kando, na gari zima pia litavuta kidogo.

2. Mtu mmoja atikise usukani, mwingine aangalie chini. Kiungo kilichoisha au bushi iliyolegea ibadilishwe kwanza. Hakuna kipimo kitakachokaa juu ya kitu kinachocheza.

3. Pimeni kwa utepe kutoka chasisi hadi tairi, kushoto na kulia. Vipimo visipolingana, ekseli imesogea. Dawa yake ni fimbo ya Panhard inayorekebishwa urefu. Msikubali ile ya zamani ikatwe na kuunganishwa kwa welding ya kubahatisha.

4. Inueni mbele kwa jeki, wekeni stendi imara. Fundi atenge fimbo ya usukani. Zungusheni usukani pole pole mwisho hadi mwisho mkihesabu. Tuseme ni mizunguko mitatu na nusu. Rudini mmoja na robo tatu. Hapo ni katikati ya boksi. Sasa usukani ufungwe ukiwa umenyooka.

5. Nyoosheni magurudumu, kisha fundi arekebishe urefu wa fimbo ya usukani mpaka iingie mahali pake bila kulazimishwa. Nati zikazwe, pini mpya ziwekwe.

6. Alainimenti ije mwisho. Inapima jinsi magurudumu mawili yanavyotazamana. Kwa gari la ekseli nzima kama letu, haiwezi kuunyoosha usukani.

Jambo lingine: kuinua gari huigeuza ekseli kidogo, na ndiyo sababu usukani wetu haukurudi wenyewe baada ya kona. Hiyo ilihitaji bushi maalum. Angalieni pia mipira ya breki, isije ikavutika magurudumu yakishuka. Na kama gari lenu ni la springi za majani, fimbo ya Panhard kwa kawaida hamtaikuta. Hapo kagueni bolti ya katikati ya springi na zile bolti za U, kwani zikikatika au kulegea ekseli husogea.

Mzee wa Ruiru alimaliza kazi siku moja, isipokuwa zile bushi, zilizofungwa baadaye. Usukani ulikaa sawa, na mpaka leo uko sawa.

Lakini kulikuwa na kazi nyingine iliyobaki. Tuliita mkutano, na mbele ya wanachama wote tukamwomba yule kijana msamaha, tukamrudishia mshahara wake wote. Hakuna aliyekuwa amegonga shimo. Usukani ulipinda kwa sababu ya kura yetu wenyewe, nasi tulimtoza mtu aliyekuwa akituambia ukweli. Aliyeshika usukani ndiye anayeujua. Siku hizi tuna daftari ndani ya gari: dereva anaandika anachokisikia, na kamati inakisoma kila Jumamosi.

Tunawaachia maswali haya mjadiliane:

Kabla ya kubadilisha kitu kwenye gari au mashine ya kikundi, ni nani anayeuliza kitakachobadilika pamoja nacho?

Kitu kikiharibika, huwa tunapima kwanza au tunatafuta wa kulaumu?

Je, kuna mtu kikundini tunayepaswa kumrudishia haki yake?